Je, madaktari waliowaita wapinzani wagonjwa wa akili walijua kwamba wanadanganya?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Katika kusoma habari za haki za binadamu nimekutana na visa vya watu waliofungiwa katika hospitali za magonjwa ya akili za Umoja wa Kisovieti kwa sababu ya siasa. Kwanza sielewi: serikali ile ilikuwa na magereza na kambi za kazi ngumu, hospitali ilikuwa ya nini tena? Pili, wale madaktari walijua wanadanganya, au waliamini walichokiandika? Na sisi tulio nje tutajuaje kwamba huyu ni mgonjwa kweli na yule amesingiziwa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, na la katikati ndilo linaloniuma, maana kalamu iliyoandika vyeti vile ndiyo hii ninayoishika mimi kila siku wodini. Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa la pili halieleweki bila hilo.

Mchukue Petro Grigorenko. Alikuwa meja jenerali wa jeshi la Kisovieti, aliyepigana Vita Kuu ya Pili na kufundisha katika Chuo cha Kijeshi cha Frunze mjini Moscow. Mwaka 1961 alisimama katika mkutano wa chama akaonya kwamba kiongozi mpya, Nikita Khrushchev, ameanza kutukuzwa kama alivyotukuzwa Stalin. Wakamhamishia Mashariki ya Mbali. Alipoanza kusambaza vipeperushi alikamatwa, mwaka 1964, akapelekwa Taasisi ya Serbsky, kituo kikuu cha kuchunguza akili za watuhumiwa, na huko ikaamuliwa kwamba ni mgonjwa. Alitoka mwaka uliofuata akiwa amevuliwa cheo, akaishia kubeba mizigo. Hakunyamaza. Alilishika suala la Watatari wa Crimea, watu waliohamishwa kwa nguvu na Stalin mwaka 1944 na kunyimwa ruhusa ya kurudi kwao, na Mei 1969 akakamatwa tena, safari hii Tashkent.

Hapo Tashkent jopo la madaktari likiongozwa na Profesa Fyodor Detengof lilimchunguza, likamkuta na akili timamu, likaandika hivyo. Kama haja ingekuwa kuijua hali ya akili yake, shauri lingeishia hapo. Badala yake alisafirishwa hadi Moscow, Taasisi ya Serbsky ileile, na Novemba mwaka huohuo jopo jingine likaandika kwamba ana paranoia, yaani ugonjwa wa kushikilia imani zisizo na msingi, na kwamba akili yake imetawaliwa na mawazo ya kutaka mageuzi. Hakuachiwa mpaka mwaka 1974, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha katika hospitali maalumu ya Chernyakhovsk.

Sasa wewe ni mwanasheria mtarajiwa, hebu itazame hesabu hiyo kwa jicho la mwendesha mashtaka. Sheria ya jinai ya Urusi ya wakati ule ilikuwa na kifungu cha 70, uchochezi dhidi ya Usovieti, chenye kifungo cha hadi miaka 7 na uhamisho wa miaka 5 juu yake. Mwaka 1966 kikaongezwa kifungu cha 190-1, kueneza uzushi kuhusu nchi, hadi miaka 3. Vyote viwili vinahitaji kesi. Kesi inahitaji mshtakiwa asimame kizimbani, na mshtakiwa wa aina ya Grigorenko akisimama kizimbani atasema. Familia itasikia, marafiki wataandika, na maandishi yatavuka mpaka. Lakini mtu akishatamkwa kwamba hawezi kuwajibika kisheria, mahakama inaweza kuendelea bila yeye kuwepo. Mshairi Natalya Gorbanevskaya, mmoja wa watu wanane walioandamana katika Uwanja Mwekundu tarehe 25 Agosti 1968 kupinga uvamizi wa Czechoslovakia, shauri lake liliamuliwa Julai 1970 yeye mwenyewe akiwa hayupo chumbani. Mwenzake wa maandamano yaleyale, Viktor Fainberg, alipigwa wakati wa kukamatwa hadi meno ya mbele yakang'oka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweka mbele ya hakimu na waandishi wa habari. Alipelekwa hospitali.

Halafu kuna suala la muda. Gereza lina tarehe ya kutoka. Agizo la matibabu ya lazima halina. Kila miezi 6 jopo linakaa, linakuuliza maswali, linaandika kwamba hali bado, na unarudi kitandani. Waliopitia huko na kambi za kazi pia walisema kwamba kutojua mwisho ndiko kulikowatafuna kuliko baridi wala njaa.

Ila hayo yote ni faida za kiutawala tu. Faida kubwa iko kwingine, na ndiyo ninayotaka uishike. Mfungwa akisema "nimeonewa", maneno yake yanabaki kuwa hoja. Unaweza kuikataa hoja, unaweza kuipuuza, lakini ni hoja. Mgonjwa wa akili akisema "mimi si mgonjwa", daktari huandika kwenye faili: hajitambui kuwa ni mgonjwa. Kutojitambua huko ni dalili halisi katika taaluma yetu. Nimeiona kwa wagonjwa wengi, na wengi wao tuliwaokoa kwa kutowasikiliza siku ile waliposema hawaumwi. Basi fikiria dalili hiyo ikibandikwa mtu mzima wa akili. Akikataa, anathibitisha. Akikasirika, anathibitisha zaidi. Akinyamaza, amejitenga na watu. Akiandika barua kumi kulalamika, ana ugonjwa wa kushitaki. Kila neno lake limegeuzwa dalili, na hakuna neno lililobaki la kujitetea nalo. Gereza halina uwezo wa kumfanyia mtu hivyo.

Na itikadi ilikuwa imeshalitengeneza jamvi. Mwaka 1959 gazeti la Pravda lilichapisha hotuba ya Nikita Khrushchev ambamo alisema kwamba wanaoupinga ukomunisti, kwa dhahiri, hali zao za akili si za kawaida. Usidhani ulikuwa mzaha. Kama umeshaamini kwamba jamii yako imeondoa sababu zote za manung'uniko, basi jenerali mwenye mshahara, nyumba na heshima anayevitupa vyote hivyo kwa ajili ya Watatari asiowajua utamweleza vipi? Hakuhongwa, hana shida. Kilichobaki ni ugonjwa.

Sasa tuje kwa madaktari.

Wapo waliojua. Idara ya Taasisi ya Serbsky iliyoshughulikia kesi za kisiasa iliongozwa na Daniil Lunts, na wagonjwa kadhaa walisimulia kwamba walimwona akiwa amevaa sare za idara ya usalama wa taifa. Watu wa namna hiyo sina haja ya kuwachambua. Lakini walikuwa wachache, nawe hukuuliza kuhusu wachache.

Wengi walisomeshwa. Mwalimu wao mkuu alikuwa Andrei Snezhnevsky, aliyeongoza taasisi ya saikiatria, yaani tiba ya magonjwa ya akili, ya Chuo cha Sayansi za Tiba kuanzia mwaka 1962 hadi alipofariki mwaka 1987. Shule yake iliigawa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, kwa kufuata mwendo wa ugonjwa, na ndani ya mgawanyo huo ilikuwamo aina moja iliyoitwa skizofrenia ya mwendo wa polepole. Katika aina hii mgonjwa hasikii sauti zisizokuwepo, haoni visivyoonekana, anafanya kazi, anazungumza kwa mpangilio. Ugonjwa unajificha. Unaonekana katika ukaidi, katika kukata tamaa, katika kugombana na wakubwa, katika kuwa na wazo moja ambalo mtu haliachi. Ukiandika orodha hiyo kwenye ubao na kuwauliza watu wanaomjua mpinzani yeyote kama inamfaa, watakuambia inamfaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Na fundisho lilisema zaidi: skizofrenia haiponi, inatulia tu. Kwa hiyo hata mtu akionekana mzima kabisa kwa miaka mingi, ni mgonjwa aliyetulia.

Hapa ndipo wanaodhani kwamba nadharia ile ilitungwa kwa ajili ya polisi wanapokosea, kwa maoni yangu. Snezhnevsky alikuwa mtafiti wa kweli, na skizofrenia hiyo pana ilitumika kwa raia wa kawaida wasio na siasa yoyote. Shirika la Afya Duniani lilipolinganisha utambuzi wa skizofrenia katika vituo vya nchi tisa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, lilikuta kwamba Moscow walikuwa wanaitoa kwa watu ambao kwingine wasingeipata. Hata Washington walikutwa hivyo. Daktari kijana wa Kisovieti aliyefunzwa kuiona kila mahali aliiona kila mahali. Alipoletewa mtu ameandika kurasa mia za mapendekezo ya kurekebisha katiba, akijua kwamba zitampoteza kazi na uhuru, yule kijana hakulazimika kudanganya. Alilinganisha na alichofundishwa, akatia sahihi, akaenda nyumbani kula na watoto wake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wengi hawakujua, na hawakujua kwa sababu kila kitu kilichowazunguka kiliwasaidia wasijue. Hofu ilikuwepo, cheo kilikuwepo, nyumba ya serikali ilikuwepo, lakini juu ya yote palikuwa na fundisho lililowaruhusu kufanya jambo la kutisha bila dhamiri kuwasumbua. Uongo unaohitaji waongo elfu moja hauchukui muda kuvuja. Huu ulihitaji waongo wachache na waumini wengi.

Siwatetei. Kulikuwa na alama ambazo hata muumini alipaswa kuziona. Zhores Medvedev, mwanabiolojia, alichukuliwa nyumbani kwake tarehe 29 Mei 1970 na kufungiwa hospitali ya Kaluga kwa siku 19, mpaka kelele za wanasayansi wenzake, Andrei Sakharov akiwa mmojawapo, zikamtoa. Miongoni mwa yaliyotajwa kuwa dalili za nafsi iliyogawanyika lilikuwa hili: kwamba mwanabiolojia huyu anaandika pia mambo ya jamii. Daktari anayeliandika hilo na mkono usitetemeke ameacha kufikiri, na kufikiri ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Snezhnevsky naye si kwamba nadharia yake ilitumiwa tu na wengine. Alikaa mwenyewe katika jopo lililomtamka mwanahisabati Leonid Plyushch kuwa mgonjwa. Chuo cha madaktari wa akili cha Uingereza kilipomwita ajieleze mwaka 1980, alichagua kurudisha heshima waliyompa kuliko kwenda kujibu.

Ngoja nikueleze jambo moja la kitabibu, maana vitabu vya sheria hulipita harakaharaka. Hospitali maalumu, kama za Kazan, Leningrad, Chernyakhovsk na Dnipropetrovsk, hazikuwa chini ya Wizara ya Afya. Zilikuwa za Wizara ya Mambo ya Ndani hadi mwaka 1988, zikiwa na kuta, walinzi wenye silaha, na wafungwa wa makosa ya jinai wakifanya kazi ya kuhudumia wodi. Humo Plyushch alikaa kuanzia 1973 hadi Januari 1976 akipewa haloperidoli. Mimi mwenyewe naiandika dawa hiyo. Kwa mtu anayesikia sauti zinazomwamuru ajiue, dozi ndogo iliyopimwa humrudishia usingizi na watoto wake. Kwa mtu mzima, katika dozi kubwa na bila dawa ya kuzuia madhara yake, ni kitu kingine kabisa. Misuli ya shingo na taya hukaza. Mwili hauwezi kutulia: ukikaa unataka kusimama, ukisimama unataka kulala, ukilala unataka kutembea, usiku na mchana, na hakuna pa kujificha kwa sababu kinachokusumbua kiko ndani ya ngozi yako. Kisha mawazo yanakuwa mazito. Plyushch alisimulia alivyojitazama akipoteza hamu ya kusoma, kisha kumbukumbu, kisha hamu ya kitu chochote, na kilichobaki kilikuwa woga wa kuwa kweli mwendawazimu. Mkewe alipomwona alikuta mtu aliyevimba, asiyetaka kuzungumza.

Ilikuwepo pia sindano ya salfa iliyochanganywa na mafuta, iliyoitwa salfozini. Haina kazi ya tiba inayotambulika leo. Inapandisha homa hadi nyuzi 40 na kuuma kiasi kwamba mtu hawezi kujigeuza kitandani. Ilitolewa kwa aliyebishana na muuguzi, au aliyekutwa na karatasi. Matibabu yakishatolewa kama adhabu kwa kosa la nidhamu, hata asiye daktari anaweza kuona kwamba hapo hapatibiwi mtu.

Wapo waliokataa, nami naona wanastahili nafasi kubwa kuliko Snezhnevsky. Jopo la Tashkent nimeshalitaja. Mjini Kyiv alikuwepo daktari kijana, Semyon Gluzman, hajatimiza hata miaka 26. Hakuruhusiwa kumwona Grigorenko. Alikusanya yaliyoandikwa juu yake na aliyoyaandika mwenyewe, akayasoma kama daktari asomavyo faili, na mwaka 1971 akaandika ripoti kamili ya kitaalamu: huyu si mgonjwa. Alikamatwa mwaka 1972, akapewa miaka 7 ya kambi na 3 ya uhamisho. Humo kambini alikutana na Vladimir Bukovsky, kijana ambaye mwaka 1971 alituma nchi za Magharibi kurasa kama 150 za nyaraka kuhusu hospitali hizi na kulipia kwa kifungo. Wawili hao wakaandika kwa siri mwongozo wa kuwasaidia wapinzani watakaopelekwa uchunguzini: madaktari watauliza nini, jibu lipi litageuzwa kuwa dalili, lipi halitageuzwa. Fikiria mwongozo wa kumfundisha mtu mzima namna ya kutoonekana mgonjwa, umeandikwa na daktari aliyefungwa.

Mwaka 1977 kikaanzishwa kikundi cha watu wachache mjini Moscow, Alexander Podrabinek akiwemo, kilichokusanya majina ya waliofungiwa na kuyatangaza. Daktari Anatoly Koryagin aliwachunguza watu waliotishiwa kufungiwa au waliokwisha kutoka, akaeleza matokeo yake katika jarida la tiba la Uingereza, The Lancet. Alikamatwa mwaka 1981 na kupewa miaka 7 ya kambi na 5 ya uhamisho. Hawa walikuwa na vitabu vilevile, walimu walewale na hofu ileile kama wenzao waliotia sahihi. Kwa sababu yao siwezi kukubali neno kwamba mazingira hayakuruhusu.

Chama cha Dunia cha Madaktari wa Akili kilichelewa, na ni aibu yetu sote. Katika mkutano wa Mexico mwaka 1971, nyaraka za Bukovsky zikiwa zimeshafika, hakikusema kitu. Mwaka 1977, Honolulu, kililaani matumizi hayo ya saikiatria kwa kura 90 dhidi ya 88. Kura mbili tu! Mkutano huohuo ukapitisha azimio la maadili, la kwanza la kimataifa kwa taaluma yetu. Mwaka 1983 chama cha Kisovieti kilijitoa kabla hakijafukuzwa, na kilirudishwa Athens mwaka 1989 baada ya wajumbe wake kukiri hadharani kwamba saikiatria ilitumika kwa sababu zisizo za tiba, zikiwemo za kisiasa. Mapema mwaka huo madaktari wa Marekani walikuwa wameruhusiwa kuwaona baadhi ya waliofungiwa. Wengine waliwakuta hawana ugonjwa wowote. Wengine walikuwa wagonjwa kweli. Nitarudi kwa hawa wa mwisho.

Usije ukadhani ni ugonjwa wa Kirusi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1836 Mfalme Nikolai wa Kwanza aliamuru mwanafalsafa Pyotr Chaadaev atangazwe kuwa amerukwa na akili kwa barua moja aliyoichapisha. Lakini mwaka 1851, kusini mwa Marekani, daktari Samuel Cartwright alitunga jina la ugonjwa unaowafanya watumwa watoroke. Afrika Kusini mwaka 1922, nabii wa kike Nontetha Nkwenkwe, aliyekuwa akihubiri baada ya homa ya mafua ya 1918 kuwamaliza watu, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu serikali iliogopa makutano yake. Wafuasi wake walitembea kwa miguu hadi Pretoria kumdai. Alifia huko mwaka 1935, akazikwa kaburi la maskini lisilo na jina, na mifupa yake ikarudishwa kwao mwaka 1998. Nchini Kenya, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, na miaka tisa baadaye serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa ya J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali hiyohiyo, akiieleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia la watu waliong'olewa kwenye mila zao. Ardhi haikuonekana kwake kuwa sababu ya kutosha.

China nayo ilikuwa na hospitali zake za polisi, ziitwazo Ankang, zilizoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Wang Wanxing alikunjua bango katika Uwanja wa Tiananmen mwaka 1992, akaandikiwa paranoia, akakaa hospitalini kwa takriban miaka 13. Mwaka 2005 aliachiwa na kupelekwa Ujerumani, ambako wataalamu wa Uholanzi walimchunguza na kumkuta hana ugonjwa uliostahili hayo. Na Crimea yenyewe, ile iliyomponza Grigorenko, mwaka 2016 kiongozi wa Watatari Ilmi Umerov alifungiwa kwa nguvu hospitali ya magonjwa ya akili ya Simferopol kwa muda wa wiki tatu hivi.

Sasa swali lako la tatu. Kwa nje, kosa la kwanza la kuepuka ni kudhani kwamba kila anayelazwa bila ridhaa yake ameonewa. Wengi wanaolazwa hivyo ni wagonjwa, na kuwaacha mitaani kwa jina la uhuru ni ukatili wa aina yake. Mimi huangalia faili linaanza lini. Ugonjwa wa akili una historia nyumbani: mama ameona usingizi umepotea, dada ameona mtu haogi, miezi kabla ya tukio lolote. Faili la kusingiziwa huanza siku ya kipeperushi, na aliyeleta malalamiko ya kwanza si ndugu, ni ofisa.

Kisha naangalia dalili zenyewe zimeandikwaje. Imani potofu ya kiugonjwa haitambulikani kwa kuwa wakubwa hawaipendi, wala kwa kuwa ni wachache wanaoishika. Inatambulikana kwa njia iliyoifikisha hapo ilipo. Mtu akiniambia waziri ameiba na ananionyesha hesabu, anaweza kuwa amekosea, lakini anafikiri. Akiniambia waziri ameiba kwa sababu taa ya barabarani ilipepesa mara tatu alipopita, hapo nina kazi, hata kama waziri ameiba kweli. Ripoti inayoeleza mgonjwa anafikiri nini bila kueleza anafikiri vipi haijachunguza akili yake. Imechunguza msimamo wake. Katika ripoti za Serbsky nafasi hiyo ya "vipi" hujazwa na maneno kama "anajithamini kupita kiasi" au "hakubali kukosolewa".

Na zaidi ya yote, uliza sharti la kutoka. Mgonjwa wangu anatoka akilala, akila, akiacha kuzisikia sauti. Waliofungiwa kwa siasa waliulizwa na majopo kama wamebadili mawazo. Aliyekubali kwamba matendo yake yalitokana na ugonjwa alikuwa karibu na mlango, na aliyekataa alirudi wodini. Hakuna ugonjwa ninaoujua ambao unapona kwa kutia sahihi.

Kwa upande wako wa sheria, yaliyokosekana kule ndiyo ya kudai popote: mtu awepo katika shauri lake, awe na wakili, achunguzwe na daktari aliyemchagua mwenyewe, na uamuzi uwe na muda na rufaa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka kanuni mwaka 1991, katika azimio namba 46/119, kwamba mtu asitambuliwe kuwa mgonjwa wa akili kwa sababu ya hadhi yake ya kisiasa, au kwa kutofuata maadili ya kisiasa, kidini au ya kijamii ya wanaomzunguka. Urusi yenyewe ilitunga sheria mwaka 1992 inayotaka jopo la madaktari limwone aliyelazwa kwa nguvu ndani ya saa 48, kisha jaji aamue. Sheria hiyo haikumsaidia Mikhail Kosenko, aliyekamatwa baada ya maandamano ya Uwanja wa Bolotnaya ya Mei 2012, na mwaka 2013 mahakama ikaamuru atibiwe kwa lazima.

Kosenko ndiye anayenirudisha kwa wale niliosema nitawarudia. Alikuwa na tatizo la akili kabla ya maandamano, la kadiri, lililodhibitiwa kwa dawa kwa miaka. Watu wengi wa nje walisita kumtetea kwa sababu hiyo, kana kwamba mtetewa lazima awe mzima kama jenerali. Naomba wewe usisite. Mgonjwa wa akili naye ana haki ya kusimama uwanjani na bango, na ugonjwa alio nao hauwapi watu ruhusa ya kumtibu asichoumwa. Tena kila mpinzani aliyeingizwa wodini kwa hila aliwafungia mlango wagonjwa mia waliokuwa nje, walioogopa kuja hata walipozidiwa, kwa sababu wamesikia kinachofanyika humo.

Umeniuliza kama kuna aliyewahi kurekebisha. Hukuandika hivyo, lakini naona swali lako linaelekea huko. Grigorenko aliruhusiwa kwenda Marekani mwaka 1977, akanyang'anywa uraia, na huko akaomba mwenyewe achunguzwe upya. Madaktari walimpima, hawakukuta ugonjwa wa akili, wala dalili kwamba aliwahi kuwa nao. Alifariki New York mwaka 1987. Mwaka 1992 jopo la wataalamu lilikaa St. Petersburg, likafungua majalada yake yote na kutamka rasmi kwamba hakuwa mgonjwa. Jibu hilohilo lilikuwa limeshaandikwa miaka 21 kabla, mjini Kyiv, na kijana aliyekatazwa kumwona.